Tarikhi ya Wakuu wa Waandishi wa Programu

Katika kazi nyingi za mikono ambazo wanadamu wamezirithi kwa karne nyingi, njia ya kupanda kutoka mwanafunzi hadi fundi, na kutoka fundi hadi mkuu wa mafundi, ilikwisha kunyooshwa zamani, na adabu zake zikajulikana na kila aliyemo katika kazi ile. Mathalan fundi mkuu wa majahazi, hapa kwetu pwani, hupewa dhima ya kuwasimamia wenzake pasi na kuliweka tezo chini, kwa kuwa ubao uliopinda huonekana kwa jicho, na mkuu apitaye kando ya chombo kinachoundwa hujua kwa mtazamo mmoja kazi imefika wapi na nani ameikosea. Kazi ya kuandika programu za kompyuta, ambayo umri wake haujatimiza hata miaka mia, haikujaaliwa urithi wa namna hiyo. Kinachoundwa humo hakina umbo la kutazamwa, na mtu aliyefanywa mkuu kwa sababu ya ustadi wake wa kuandika hujikuta, tangu siku ya kuteuliwa, amekabidhiwa kazi nyingine kabisa ambayo hakuna aliyemfunza. Rai yangu, ambayo natumai tarikhi itaishuhudia, ni kwamba kuwaongoza waandishi wa programu ni taaluma iliyo mbali na taaluma ya kuziandika, na kwamba elimu yake ilipatikana kwa gharama kubwa kutoka kwa watu wachache waliotangulia, wakajikwaa, na wakawa na insafu ya kueleza hadharani walivyojikwaa.

Silsila ya watu hao, kwa sehemu yake iliyo wazi zaidi, yaanzia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1944, ambako Howard Aiken alikuwa amesimamisha mashine ya kukokotoa iliyoitwa Mark I, iliyoundwa na kampuni ya IBM, yenye urefu wa futi 51 na uzito wa tani tano hivi, ikifanya hesabu za vita kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani. Kwa Aiken, mtu mkali aliyezoea kuamuru, aliletwa luteni mwanamke, Grace Hopper, mwenye shahada ya udaktari wa hisabati aliyoipata Yale mwaka 1934, na ambaye kabla ya kuingia jeshini alikuwa akisomesha katika chuo cha Vassar. Huyu, baada ya kujifunza kuandika maagizo ya mashine ile na kuyatoboa katika ukanda wa karatasi, aliamrishwa jambo asilolitarajia, nalo ni kuandika kitabu kinachoeleza mashine nzima namna inavyofanya kazi, na kitabu hicho kikachapishwa mwaka 1946. Nadhani hapo ndipo uongozi wake ulipoanza, kabla hajapewa cheo chochote cha kusimamia watu; kwa kuwa aandikaye programu husema na mashine, isiyochoka wala isiyodhani vibaya, bali aandikaye kitabu cha kuwafunza wenzake hulazimika kwanza kujua ni kipi wasichokijua.

Mwaka 1949 Hopper alihamia Philadelphia, katika kampuni changa ya Eckert na Mauchly iliyokuwa ikiunda mashine ya UNIVAC, na mwaka 1952 alikamilisha programu aliyoiita A-0, ambayo kazi yake ilikuwa kuvikusanya vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kuviunga pamoja kwa amri fupi. Waliokuwa na mamlaka hawakumsadiki, kwani ilikuwa imekita nyoyoni mwao kwamba kompyuta ni ya kukokotoa hesabu tu na haiwezi kuandika programu. Alipowekwa kuiongoza idara ya kazi hiyo, siku zake zikaingia zaidi katika kushawishi kuliko katika kuandika. Safari moja, akitaka kuwathibitishia wakuu wa kampuni kwamba maneno ya Kiingereza ambayo watu wake waliyatumia kuiamrisha mashine ni alama tu kama alama nyinginezo, aliwaletea programu ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani; wakuu wakashtuka, wakaona ni muhali mashine ya Kimarekani iliyoundwa Philadelphia kufahamu lugha za kigeni, na ikambidi atumie muda mrefu kuwatuliza. Hatima ya juhudi hizo ilikuwa lugha ya COBOL, iliyoanza kuundwa mwaka 1959 na kamati ya makampuni na idara za serikali, ambayo Hopper hakuiandika kwa mkono wake, lakini iliegemea sana lugha ya FLOW-MATIC iliyotoka katika idara yake. Alipostaafu jeshini mwaka 1986, akiwa na daraja ya admirali na umri wa miaka 79, lugha hiyo ilikuwa imeenea katika mabenki na afisi za serikali duniani kote.

Ilhali Hopper aliongoza kwa kuwashawishi walio juu yake, John Backus wa IBM aliongoza kwa kuwapa nafasi walio chini yake. Mwishoni mwa mwaka 1953 aliomba ruhusa ya kuunda lugha itakayowawezesha watu wa hisabati kuiandikia mashine kanuni zao karibu na vile walivyozizoea. Akapewa watu wachache, akawakusanya New York, na kwa zaidi ya miaka mitatu wakaijenga Fortran kwa ajili ya mashine ya IBM 704. Mchana mashine ilikuwa adimu, kwa hiyo walikodi vyumba katika hoteli ya Langdon, katika mtaa wa 56, wakalala kidogo mchana ili wapate kukesha nayo usiku. Backus alisimulia baadaye kwamba dhima yake kubwa kama mkuu ilikuwa kuivunja michezo ya sataranji iliyoanza saa ya chakula cha mchana, na maneno hayo siyachukui kuwa mzaha mtupu. Kundi dogo lililochaguliwa vema, lenye shabaha moja iliyo wazi, halina haja na mkuu mwenye mengi ya kusema, na ni uongozi wa hali ya juu kulitambua hilo na kujizuia. Fortran ilitolewa mwaka 1957. Mwaka 1963 IBM ilimweka Backus katika daraja iliyoiita Fellow, iliyobuniwa ili mhandisi bingwa apate heshima na uhuru wa kuchagua utafiti wake bila ya kulazimishwa kuwa msimamizi wa watu, na kwa tendo hilo kampuni ilikubali kwamba si halali kumtoza fundi kazi anayoipenda kama kodi ya kupanda kwake.

Lakini mtu ambaye bila yeye tarikhi hii isingeandikika ni Frederick Brooks, mzaliwa wa Durham, North Carolina, wa mwaka 1931, mwanafunzi wa Aiken yuleyule, aliyepata udaktari wake Harvard mwaka 1956 na mwaka huohuo akaingia IBM. Huko alifanya kazi katika usanifu wa mashine kubwa iliyoitwa Stretch, kisha akapewa kusimamia mpango wa familia mpya ya mashine zilizopewa nambari 8000. Mwaka 1961 akaletwa juu yake Bob Evans, aliyeona kwamba mpango ule utaiacha kampuni na mashine nyingi zisizoelewana. Brooks akaupigania kwa miezi kadhaa, akashindwa, na mpango ukafutwa. Kisha Evans akafanya jambo ambalo Brooks mwenyewe alilistaajabia, nalo ni kumwomba huyohuyo aliyekuwa akishindana naye aongoze familia nyingine, moja kwa mashine zote ndogo na kubwa, ambayo ilitangazwa tarehe 7 Aprili 1964 kwa jina la System/360. Brooks hakuwa ametimiza miaka 33. Katika maamuzi yote aliyoyafanya katika kazi ile, alilolihesabu kuwa kubwa kuliko yote ni la kuifanya baiti kuwa ya biti nane badala ya sita, ambalo liliipa mashine nafasi ya herufi ndogo pamoja na kubwa. Na hadi leo karibu kompyuta zote zinazotumika zimesimama juu ya uamuzi ule.

Hadi hapo yeye alikuwa mkuu wa wasanifu wa mashine, yaani watu wanaoshughulika na kitu cha kushikika. Mtihani wake ulimfika mwaka 1964, alipoombwa aahirishe safari yake ya kwenda kusomesha Chapel Hill na kwanza aongoze uandishi wa OS/360, mfumo endeshi wa mashine zile, kazi ambayo ilikuwa imekwisha kuanza kulemaa. Ukubwa wa jambo lile haukuwa na mfano wake: katika kilele chake walikuwamo watu zaidi ya elfu moja, na baina ya mwaka 1963 na 1966 iliingia humo, katika kubuni, kuandika na kutunga vitabu vya maelezo, juhudi ya mtu mmoja kwa miaka 5,000. Hakuna mtu aliyewahi kuongoza waandishi wa programu wengi kiasi hicho katika kazi moja ya kibiashara, na hapakuwa na ustaadhi wa kumwendea.

Miongoni mwa maamuzi aliyokabiliwa nayo, kuna moja ambalo nalipa uzito kuliko mengine, kwa sababu laonyesha mtu mwenye ujuzi kamili akikosea kwa sababu zilizoonekana kuwa za haki. Msimamizi wa usanifu alikuwa na watu kumi hodari, naye alisema kwamba watu wale wanaweza kuandika maelezo ya mfumo wote, yaani namna utakavyoonekana kwa mtumiaji, kwa muda wa miezi kumi, ambayo ilizidi kwa miezi mitatu muda uliopangwa. Msimamizi wa kundi lililokuwa tayari kuuandika mfumo wenyewe alikuwa na watu 150, naye akajibu kwamba watu wake wanaweza kuyaandika maelezo hayo kwa wakati, wakishirikiana na wale wasanifu, na kwamba wasipopewa kazi hiyo watakaa miezi kumi mikono mitupu wakilipwa ijara. Msanifu akaonya kwamba wakipewa wao, hawatamaliza kwa wakati, na kazi yao itakuwa duni. Brooks akawapa wale 150. Ikawa kama alivyosema msanifu: miezi mitatu ilipotea vilevile, maelezo yakatoka bila umoja wa fikra, na Brooks alikadiria kwamba kasoro zilizotokana na ukosefu ule ziliongeza mwaka mzima katika kuusahihisha mfumo. Nani angemlaumu mtu kwa kutotaka kuwaacha watu 150 wamekaa bure? Hata hivyo humo ndimo mlimokuwa na siri ya uongozi huu, kwamba watu kukaa bure huonekana na kila mtu, na mgogoro wa fikra ndani ya programu hauonekani na yeyote mpaka siku zimepita.

Kutoka katika mashaka hayo alipata hesabu ambayo kila mkuu wa wahandisi leo huijua, ajapokuwa hakuisoma. Watu wawili wanaofanya kazi pamoja wana njia moja ya kuzungumza baina yao. Watatu wana njia tatu, wanne wana sita, kumi wana 45, na watu 150, iwapo kila mmoja ana haja na mwenziwe, wana njia 11,175. Kazi ambayo vipande vyake haviingiliani, kama kuchuma pamba, hugawanyika kwa idadi ya watu. Kazi ambayo kila kipande chategemea kingine huongezeka mzigo wa kuelezana kila aingiapo mtu mpya, na wakongwe huacha kuandika ili wamfunze, kwa hiyo mkuu anayeikimbilia kazi iliyochelewa kwa kuiletea nguvu mpya huichelewesha zaidi. Brooks aliona mzigo huo hata kwa macho. Ili kila mwandishi ajue wenzake wanafanya nini, kulikuwa na daftari la mradi ambalo kila mmoja alikuwa na nakala yake katika afisi zao za jengo la Time-Life, Manhattan. Baada ya miezi sita daftari lile lilikuwa na unene wa futi tano, na kurasa za mabadiliko zilizoletwa kila siku zilikuwa na unene wa inchi mbili, hata kuzipanga mahali pake kukawa kunakula sehemu nzuri ya siku ya kazi, mpaka ikabidi kuyahamishia yote katika filamu ndogo.

Alipokuwa akiondoka IBM mwaka 1965, mkuu wa kampuni, Thomas Watson mdogo, alimwuliza kwa nini uandishi wa programu ni mgumu kuusimamia kuliko uundaji wa mashine. Brooks hakuwa na jibu la kumtosheleza papo hapo, akakaa nalo miaka kumi, na kitabu alichokitoa mwaka 1975, The Mythical Man-Month, ndicho jibu lenyewe lililochelewa. Kilichokipa kitabu hicho uhai mrefu, naamini, ni kwamba mwandishi wake alizitaja hasara alizozisababisha mwenyewe, pamoja na gharama zake, katika zama ambazo wakuu walizoea kuandika ushindi wao.

Wakati OS/360 ikiandikwa, mwanamke mwingine alikuwa akipita njia iyo hiyo katika maabara ya ala za uongozaji ya MIT. Margaret Hamilton, mwenye shahada ya hisabati ya mwaka 1958, aliingia huko kama mwandishi wa programu akapanda hadi kuliongoza kundi lililoandika programu za ndani ya vyombo vya Apollo. Siku moja binti yake mdogo, aliyekuwa akimfuata kazini, alibonyeza vitufe vya mashine ya majaribio na kuita programu ya kabla ya kuruka ilhali safari ilikuwa njiani, na mfumo ukaanguka; Hamilton akataka kuweka kinga, akaambiwa kwamba wanaanga wamefunzwa vizuri na hawatakosea hivyo. Desemba 1968, katika Apollo 8, mwanaanga Jim Lovell alifanya kosa lilelile, hesabu za uelekezi zikafutika, na ikawabidi watu wa ardhini kuzirejesha. Oktoba ya mwaka ule ule, katika mji wa Garmisch, Ujerumani, wataalamu walioitwa na kamati ya sayansi ya NATO walikuwa wamekutana kuzungumzia kwa nini programu kubwa huchelewa, huzidi gharama na hutoka na kasoro, na wakaitaka kazi hii ihesabiwe kuwa uhandisi, jina ambalo Hamilton naye alikuwa akilipigania mahali pake.

Uingereza ilitoa mfano wa namna nyingine, nao wastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa. Stephanie Shirley, aliyezaliwa Dortmund mwaka 1933 na kufika Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa Kiyahudi, alijifunza kazi hii katika kituo cha utafiti cha Posta huko Dollis Hill, na mwaka 1962, kwa mtaji wa pauni sita, akaanzisha kampuni iliyowaajiri wanawake wenye ujuzi waliokuwa wameacha kazi kwa sababu ya kulea. Kila mmoja aliandika programu nyumbani kwake, kwa penseli na karatasi. Barua zake za kutafuta kazi hazikujibiwa mpaka alipoanza kutia saini ya Steve. Katika watu 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake, na kundi mojawapo liliandika programu za kuchambua kumbukumbu za safari za ndege ya Concorde. Mkuu huyu hakuwaona watu wake wakiinama juu ya meza. Ilimlazimu aandike kwa ukamilifu kila kilichotakiwa, akubaliane bei ya kazi nzima badala ya kuhesabu saa, na aipime kazi kwa kile kilicholetwa. Na miongoni mwa wakuu wote niliowataja, yeye ndiye aliyefahamu mapema zaidi kwamba kumwona mtu kazini si kuiona kazi yake.

Miaka arubaini baadaye elimu hii ilikuwa bado haijapokewa na wote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waasisi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walijaribu kuwaondoa mameneja wa wahandisi kwa dhana kwamba mhandisi hodari hana haja ya kusimamiwa. Jaribio halikudumu ila miezi michache, kwani waasisi walijikuta wakiletewa kila ugomvi na kila hesabu ya gharama. Mwaka 2009 kampuni iyo hiyo ilianza uchunguzi wa kutafuta sifa za meneja bora, ikapata mambo manane, na la nane katika taratibu ya umuhimu likawa ujuzi wa kazi yenyewe, likitanguliwa na mengine kama vile kumlea mtu kikazi na kutomwingilia katika kila jambo. Wako waliolichukua tokeo hilo kuwa hoja ya kwamba mkuu hahitaji kuwa fundi, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa jambo la nane lilikuwa ndani ya orodha, na sifa kadhaa zilizolitangulia haziwezekani kwa asiyejua kazi: yule msanifu wa OS/360 aliyesema miezi kumi asingeweza kutambulikana kuwa mkweli ila na mkuu aliyewahi kuandika maelezo kama yale kwa mkono wake.

Brooks aliiongoza idara aliyoiasisi Chapel Hill kwa miaka 20, akipata katika wakati huo wasaa wa kurudi katika uundaji, akiwatengenezea wanakemia mashine za kutazama umbo la molekuli. Mwaka 1999 alitunukiwa tuzo ya Turing, na alifariki Novemba 2022. Katika kitabu chake cha 1975 alikuwa ameikataa fikra ya David Parnas, aliyeandika mwaka 1972 kwamba kila kundi la waandishi lifichiwe yaliyomo ndani ya kazi ya makundi mengine, lionyeshwe mlango wake tu. Brooks, aliyeamini daftari lake la futi tano, aliihesabu fikra hiyo kuwa njia ya kuleta maafa. Toleo la miaka ishirini lilipotoka mwaka 1995 aliziacha sura za kwanza kama zilivyokuwa, na katika sura mpya aliyoiongeza akaandika kwamba Parnas alikuwa sahihi na yeye alikuwa amekosea.